Barthélemy na Risasi za Trei ya Kati

Ukikutana na Barthélemy siku ya Jumapili nje ya kanisa la Wakongomani, hapa Durban, usimwulize anafanya kazi gani kama una haraka. Atakushika kiwiko, atakusogeza pembeni kana kwamba kuna askari wanaosikiliza, kisha atakwambia kuwa yeye ni ingénieur wa balistique. Neno hilo la mwisho hulitamka polepole, akilizungusha mdomoni kama pipi. Ukikunja uso kwa kutoelewa ndipo anapofurahi, maana sasa amepata sababu ya kukueleza tangu mwanzo, na mwanzo wake uko Uvira, mwaka ambao baba yako alikuwa bado hajamwona mama yako.

Ukweli wenyewe ni mfupi zaidi. Barthélemy alikuwa anakoroga sufuria ya chuma katika gereji ya mtu, kitongoji cha Queensburgh. Ndani ya sufuria mlikuwa na plombi, madini yale laini ya kijivu ambayo wavuvi wa ufukwe wa Bluff hufunga kwenye mishipi yao ili izame. Plombi ikiyeyuka, aliimimina katika kalibu. Ikiganda, aliifungua kalibu, zikadondoka risasi mbili za bunduki, zinang'aa kama meno ya mtoto. Kisha mbili nyingine. Kisha mbili nyingine. Uhandisi wenyewe ndio huo.

Mwenye gereji ni Bwana Moonsamy, Mhindi mzaliwa wa Durban, fundi umeme mstaafu, mjane, mwanachama wa klabu ya walenga shabaha. Bunduki ni yake, kibali ni chake, na baruti anaipima mwenyewe kisha anaifungia kabatini. Barthélemy hajawahi hata kuigusa bunduki ile, jambo ambalo kanisani halijulikani.

Walikutanaje? Kwa sababu ya mdomo wa Barthélemy, kama mengine yote yaliyompata maishani. Siku hiyo alikuwa ameacha mkokoteni wake wa kubebea watu mizigo pale soko la Warwick, akaenda kupumzisha mgongo kwa rafiki yake Gilbert, Mrundi mwenye kibanda cha kuziba pancha. Moonsamy akafika kuomba vile vizito vidogo vya kubalansia magurudumu, vilivyokwisha kazi, maana vya zamani ni vya plombi iliyo ngumu kidogo. Akaeleza kwamba anataka kuviyeyusha amimine risasi zake mwenyewe.

"Kumimina?" akasema Barthélemy, ambaye hakuna aliyemwuliza. "Bosi, umefika. Kule kwetu mimi nilikuwa namimina usiku na mchana."

Gilbert akaingiza kichwa ndani ya tairi asionekane anavyocheka. Alijua kwamba kule kwao Barthélemy aliwahi kukaa karibu na watu waliokuwa wakimimina masufuria ya alumini, na kwamba watu hao walimfukuza kwa kuwapigia domo.

Moonsamy ni mtu mwepesi wa kuamini, au basi alikuwa amechoka kukaa gerejini peke yake. Akamchukua kwa majaribio. Alimweleza kwamba mwisho wa msimu klabu yao ina shindano la risasi za kumimina tu, za dukani haziruhusiwi. Risasi zikienda vizuri, wanachama wenzake watataka fundi wa kuwamiminia, na fundi huyo atapewa ufunguo wa gereji, awe anaingia na kutoka kama kwake. Zikienda vibaya, asante na kwaheri.

Barthélemy amepita hamsini. Mgongo wake ulikuwa ukimsuta kila alipousukuma mkokoteni, na mkokoteni wenyewe ulikuwa unamngoja Warwick, umefungwa mnyororo kwenye nguzo kama mbuzi. Aliutaka ufunguo ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu siku alizokuwa akimposa Ninahazwe. Ndiyo sababu alimwambia Ninahazwe kwamba ameshaupata.

Ninahazwe, mkewe, ni Mrundi wa Rumonge. Anauza nyanya Warwick, na amemzoea mumewe jinsi mtu anavyoizoea redio ya jirani.

"Uko wapi huo ufunguo, Papa Peguy?" alimwuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Unachongwa."

"Wiki ya tatu sasa."

"Si ufunguo wa kufuli la Wachina, mama. Huo ni ufunguo wa maabara."

Sasa lile shindano lilikuwa na sharti moja lililowatesa. Risasi ya plombi ukiituma polepole ina adabu, inakwenda ulikoielekeza. Lakini klabu iliweka mashine ya kupima mwendo mbele ya mtutu, na risasi isiyofikisha futi elfu mbili kwa sekunde haihesabiwi hata ikipiga jicho la shabaha. Kwa mwendo huo plombi laini inarukwa na akili. Moto wa baruti unaiunguza kitakoni. Mifereji ya ndani ya mtutu, ambayo kazi yake ni kuishika na kuizungusha, inaichuna tu ngozi. Nusu ya mwili wake inabaki njiani imegandamana na mtutu, na hicho kinachotoka nje kinapepesuka kama shemeji aliyetoka harusini. Siku ya kwanza Moonsamy alipojaribu, matundu kwenye karatasi yalikuwa marefu kama ya funguo, kwa sababu risasi zilifika zimelala ubavu. Jioni nzima akawa anakwangua mtutu kwa brashi.

"Upepo," alisema Barthélemy.

"Hakukuwa na upepo."

"Huu wa chini haukuwepo, bosi. Mimi nasema ule wa juu."

Kidogo kidogo wakasonga mbele. Plombi ikaongezwa bati ili risasi ijae vizuri kwenye kalibu. Risasi ikitoka kwenye kalibu ya moto inatumbukizwa hapo hapo katika ndoo ya maji baridi, inashtuka, inakuwa ngumu. Kitakoni inavishwa kikombe cha shaba, kama kiatu, moto usiilambe. Kiunoni inapakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta. Na unene wake unazidi unene wa mtutu kwa unywele mmoja tu, ili ikae imebana. Haya yote Moonsamy alimfundisha Barthélemy, na jioni Barthélemy akamfundisha Gilbert, ila kufika kwa Gilbert mwalimu na mwanafunzi walikuwa wamebadilishana viti. Hata siku ile vizito vya zinki vilipojichanganya na vya plombi, sufuria nzima ikawa uji wenye mabonge na ikabidi imwagwe, Gilbert alielezwa kuwa ulikuwa utafiti.

Hatimaye siku moja Moonsamy alirudi kutoka uwanjani amebeba karatasi mikononi kama mtu aliyebeba cheti cha ubatizo. Matundu yote yalikaa mahali ambapo ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha chai, na mwendo ulikuwa juu ya ule unaotakiwa.

"Sasa nimiminie sitini za namna hii," alisema. "Kila moja iwekwe kwenye mizani. Iliyopungua, iliyo na mkunjo, yenye kona butu, irudi kwenye sufuria. Kwa mwendo mdogo kasoro inajificha. Kwa mwendo huu haijifichi."

"Bosi, unamwambia nani?" akasema Barthélemy.

Moonsamy akaenda kumwona binti yake Pietermaritzburg, akamwacha peke yake na sufuria. Lilikuwa kosa. Barthélemy hawezi kukaa kimya na hakuna mtu, kwa hiyo alimpigia simu shemeji yake aliyeko Kalemie, akaiweka simu juu ya meza na kuifungulia sauti, akawa anamimina huku akimfundisha balistique, elimu ya mwendo wa risasi. Alipocheka, kalibu ilipoa, na risasi zikatoka na mikunjo. Alipobishana, kalibu ilipata moto kupita kiasi. Alipohema baada ya kubishana, alimimina nusu nusu, na ndani ya risasi kukabaki kiputo cha hewa. Nyingine zilitoka nzuri kabisa, hasa salio lilipokwisha.

Kisha ikabaki mizani. Mizani ya Moonsamy ni ndogo, na tarakimu zake ni ndogo kuliko chungu. Miwani ya Barthélemy ilikaliwa na mama mmoja mnene ndani ya taxi, na bosi alikuwa ameshaambiwa kwamba fundi wake anaona kama mwewe. Basi mwewe akaitazama mizani, akaitazama tena kwa kuinamisha kichwa, akaizima. Akazivisha risasi zote viatu vyake vya shaba, akazipaka nta, akazifunga kwenye kitambaa, akazipeleka nyumbani pamoja na kisanduku alichoachiwa na Moonsamy, chenye trei tatu zinazokaa moja juu ya nyingine.

"Mama Peguy, wewe iko na mkono wa kupanga vitu," alisema. "Nipangie hizi, zipendeze. Bosi anapenda usafi."

Ninahazwe alitandika gazeti. Akaichukua risasi moja, akaivingirisha kati ya vidole, akaipima kiganjani. Akachukua nyingine. Baada ya muda kulikuwa na mafungu mawili mbele yake.

"Papa Peguy, hizi hazifanani."

"Macho yamekuchoka."

"Sikutumia macho. Hii iko na tumbo tupu. Hii iko na mkunjo shingoni. Na hizi nazo nipange?"

"Zote ni kazi ya mkono wangu. Panga."

"Zote?"

"Ingénieur ni mimi ao ni wewe?"

Ninahazwe alilirudia gazeti lake. Alipanga, trei zikajaa, na chache zilizozidi za kila fungu akazifunga tena kwenye kitambaa. Kisha akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, kama Moonsamy alivyomwagiza kila anayegusa plombi, akaenda kuangalia maharage yake.

Moonsamy aliporudi alifunua trei ya juu, akachukua risasi chache, akazitia kwenye maganda na baruti, akaenda kuzijaribu. Zilipiga mahali pamoja kana kwamba zinaogopana kuachana. Siku ile alimpiga Barthélemy begani mara mbili. Kisha akakaa akazifunga zote zilizobaki katika maganda yake, trei baada ya trei, kila moja ikirudi katika shimo lake, maana yeye ni mtu wa mpangilio.

Siku ya shindano Barthélemy alivaa suti ya harusi za watu. Uwanja wa klabu uko huko kwenye vilima, ng'ambo ya Pinetown, na Moonsamy aliwabeba mume na mke kwa bakkie, pikapu yake, maana Ninahazwe naye alikuja. Alikuja na chapati na chupa ya chai, na alikuja kwa sababu mumewe alimwambia kwamba ufunguo utakabidhiwa leo, mbele ya watu.

Mizunguko ni mitatu. Trei moja kwa mzunguko mmoja, ndivyo Moonsamy alivyopanga. Walenga shabaha walilala kwenye mikeka yao, watazamaji wakabaki nyuma ya kamba na pamba masikioni. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, karatasi ya Moonsamy ilikuwa na rundo dogo jeusi katikati, na mashine ya mwendo haikulalamika hata mara moja. Mzee mmoja wa Bluff mwenye ndevu nyeupe, bingwa wa miaka yote, alikuja mwenyewe kutazama.

"Mchanganyiko wa nani huu?" aliuliza.

"Wangu," alisema Barthélemy. "Lakini siwezi kusema zaidi."

"Sikuomba useme zaidi."

"Hata ungeomba."

Mzunguko wa pili ukaanza. Risasi ya kwanza ikapiga juu. Ya pili ikapiga kushoto. Ya tatu ilirudi mahali pake, ikampa mtu matumaini, na ya nne ikaenda kutafuta kona ya karatasi. Mbili hazikuigusa karatasi kabisa. Moonsamy aliimaliza trei. Aliinuka, akarudi kwenye bakkie, akaanza kuifuta bunduki kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayefuta vyombo baada ya matanga. Kisha akafungua begi lake.

"Bosi, upepo," akaanza Barthélemy, lakini bendera nyekundu ya uwanja ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake kama nguo iliyoanikwa.

"Zimeshindwa na mwendo," alisema Moonsamy. "Nilijidanganya. Sitaki kuaibika mara ya pili."

Akaanza kuiingiza bunduki katika begi. Barthélemy alimwangalia, na masikioni mwake akasikia ule mnyororo wa mkokoteni ukifunguliwa.

Ninahazwe alikuwa ameketi juu ya tenga lake la nyanya, anakula chapati. "Zilikuwa kwenye trei ya kati," alisema kwa Kiswahili, bila kuinua sauti.

"Umejuaje?"

"Nimeona. Juu niliweka nzuri. Kati nikaweka zako."

"Zangu zipi? Zote ni zangu."

"Zile za simu."

Barthélemy akachuchumaa karibu naye, suti na yote. "Mama Peguy. Nieleze vizuri."

"Nieleze nini? Kila ndoo ya nyanya Warwick iko hivyo. Juu unaweka nzuri, mteja anasimama. Kati unaweka zile zingine, kwa sababu nazo zimetoka shambani, huwezi kuzitupa. Chini unaweka nzuri tena. Mteja akifika nyumbani anaimwaga ndoo, za chini zinakuwa juu, bwana yake anaona hizo kwanza."

"Na ukazipanga risasi za watu namna hiyo?"

"Ulisema zipendeze."

"Eish," alisema Barthélemy.

Alibaki amechuchumaa. Akinyamaza, Moonsamy anafunga begi, wanarudi Queensburgh, asante na kwaheri. Akisema, atalazimika kusema yote: kwamba hakupima hata moja, kwamba mwewe haoni, kwamba kisanduku cha ingénieur ni ndoo ya nyanya. Na atayasema mbele ya mwanamke anayetafuna chapati akingoja kuona ufunguo. Mtu mwingine angechagua moja kati ya hizo mbili. Barthélemy alitafuta ya tatu.

"Bosi," alisema, akiinuka na kunyoosha koti. "Usifunge. Piga trei ya chini. Plombi ya chini huwa imepumzika zaidi. Kitaalamu, ule uzito wa trei za juu..."

"Ulizimimina zote siku moja."

"Siku moja, ndiyo, lakini kupumzika..."

"Barthélemy."

Barthélemy akatazama viatu vyake. Kisha akasema. Alisema kwa Kiingereza kibovu cha makusudi, akitumaini nusu yake itapotea njiani, lakini haikupotea. Shemeji wa Kalemie alitajwa. Miwani ilitajwa. Nyanya zilitajwa.

Moonsamy akasimama, mkono ungali ndani ya begi. Akakitazama kisanduku. Akamtazama Ninahazwe, ambaye alifuta vidole na kumtazama vilevile. Akamwuliza kwa Kizulu kile cha sokoni ambacho Durban kila mtu anakijua kidogo:

"Mama, za chini ni nzuri kama za juu?"

"Nzuri kushinda za juu," alisema Ninahazwe. "Za juu ni za kumsimamisha mtu. Za chini ni za kumrudisha."

Moonsamy akaanza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikamshuka tumboni, hadi akalazimika kushika ubavu wa gari. "Bibi yangu alikuwa na meza ya bilinganya pale Warwick," alisema alipopata pumzi. "Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nampangia. Zile za kati ambazo hazikununuliwa, sisi ndio tulizila. Nimekula bilinganya za kati utoto wangu wote. Na leo nimekuja kuzipiga kwa bunduki."

Akaichomoa bunduki kutoka begini, akabeba trei ya chini, akarudi kulala kwenye mkeka.

Barthélemy alifumba macho mzunguko mzima. Aliyemsimulia ni Ninahazwe, na Ninahazwe husimulia kwa kutafuna tu. Alivyoendelea kutafuna bila kusita, mumewe alijua mambo yanakwenda vizuri. Karatasi ilipoletwa ilikuwa na tundu moja lenye kingo za kuchanika, la kuzibwa na kifuniko cha soda. Mwendo wa kila risasi ulikuwa juu ya ule unaotakiwa. Mzee wa Bluff alilitazama tundu lile kwa muda, kisha akavua kofia. Siku nzima hakuna mzunguko ulioufikia ule. Kwa jumla Moonsamy alitoka wa nne, maana trei ya kati nayo ilihesabiwa, lakini waliomzunguka walikuwa wengi kuliko waliomzunguka bingwa.

Barthélemy akajongea katikati yao, mkono ameshautanguliza. "Bosi, sasa umeona mwenyewe kwamba mchanganyiko wangu..."

Moonsamy alimpita kama anavyopitwa mlinzi wa mlangoni, akaenda hadi kwenye tenga. "Mama, ulizitenganisha vipi? Kwa mizani?"

"Mizani ya nini? Kwa mkono."

Moonsamy akatoa mizani yake ndogo kwenye gari, akamletea risasi za ziada zilizobaki kwenye kitambaa. Ninahazwe akazigawa mafungu mawili huku akimwuliza Barthélemy kama bado kuna chai. Moonsamy akalipima fungu la kwanza, moja moja, kisha la pili. Mzee wa Bluff aliinama naye kusoma tarakimu. Mpaka ya mwisho, hakuna hata moja iliyokuwa katika fungu lisilo lake.

"Kumimina hata mimi namimina," alisema Moonsamy. "Wa kuchagua ndiye niliyekuwa simpati." Akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa tayari umechongwa, tena kwa siku nyingi, na ulikuwa na kijikamba chekundu. Akamkabidhi Ninahazwe, mbele ya watu, sawasawa na alivyoahidiwa na mumewe.

"Asubuhi niko na nyanya zangu," alisema Ninahazwe. "Mchana naweza."

"Mchana ni sawa. Na huyu?"

Ninahazwe alimtazama Barthélemy katika suti yake kama alivyozipima zile risasi juu ya gazeti. Barthélemy akajikuta amenyoosha mgongo.

"Huyu atamimina," alisema. "Simu yake nitakaa nayo mimi."

Ndivyo Barthélemy alivyopata kazi ya kudumu. Mkokoteni ulikwenda kwa kijana mmoja wa Malawi, na mgongo umetulia. Wanachama wa klabu wanaleta plombi zao, na risasi anazomimina sasa, nyingi zinarudi kwenye sufuria mchana huo huo, naye anaanza upya, bila shemeji. Kanisani mambo yamepanda cheo. Klabu, anasema, imempa idara nzima, kazi imekuwa kubwa, hata mke wake amelazimika kumwajiri.

Siku za kazi utamkuta Queensburgh kabla ya saa sita, ameketi juu ya ukuta mfupi wa nje, kwa sababu geti limefungwa na ufunguo uko Warwick, umefungwa kwenye pindo la kitenge. Mlinzi wa nyumba ya jirani alimwuliza juzi anamngoja nani pale juani kila siku.

"Msaidizi wangu," alisema Barthélemy. "Hawa watu wa sokoni, baba, hawajui saa."

Taxi ikimshusha Ninahazwe pale robot, kwenye taa za barabarani, anaruka chini kutoka ukutani, anajikung'uta suruali, anakwenda kumpokea tenga. Wanapanda pamoja hadi getini, mke mbele, ingénieur nyuma na tenga kichwani, na hapo anasimama kando anasubiri afunguliwe.